Balozi Aliyepeleka Posa Mishomoroni

Mwanangu ameoa, na mshenga wake alitoka Ufilipino. Nikisema hivyo kanisani kwetu Chaani watu hunitazama kama niliyepigwa na jua kichwani, ndiyo maana nimeamua kuyaandika nipumzike kuulizwa. Mimi si mwandishi. Mwandishi ni yeye, na amekwisha kunitisha kwamba nikiandika ovyo atanisahihisha mbele za watu, kama mimi nilivyomsahihisha Kiswahili chake mbele ya muuza samaki wa Timbwani. Na afanye. Nitamjibu.

Nianze na yeye, maana bila yeye hakuna harusi.

Nilimjua wakati mwanangu bado ananyonya. Nilikuwa karani katika ofisi ya wakala wa meli huku Changamwe, ofisi ndogo yenye feni moja iliyompepea bosi peke yake. Wakati huo kulikuwa na meli iliyotelekezwa na mwenyewe. Mabaharia wake, wengi wao Wafilipino, walikuwa wamo humo humo melini, mshahara hawana, chakula ni cha kuombaomba, na nauli ya kuwarudisha kwao hakuna wa kuitoa. Kila aliyeulizwa alimsonta mwenzake. Siku moja akaingia mwanamke mfupi, mwembamba, nywele kazikata kama mvulana, mkoba begani. Akasema anatoka ubalozini kwao, Nairobi. Bosi akamwambia asubiri, akiamini atachoka aende zake.

Hakuchoka. Alikuja kesho yake na kesho kutwa na wiki iliyofuata. Akiingia, kwanza anatusalimia sote, mmoja mmoja, hata mfagiaji. Ananiuliza mtoto wangu amelalaje. Anamuuliza bosi goti lake linaendeleaje, maana bosi alikuwa na goti lililomsumbua na hakuna mwingine aliyejali kuliuliza. Kisha anaketi, anakunywa chai, na habari ya meli haigusi mpaka bosi mwenyewe ameishiwa na mengine ya kusema. Hapakuwa na ukali hata chembe. Akishatoka, bosi ananigeukia mimi na kusema, "Afadhali angenitukana." Na ni kweli, mtu akikutukana unalo la kumjibu. Huyu alimstahi mzee mpaka mzee akaona haya. Mwisho akaanza kupiga simu mwenyewe, akawabana waliostahili kubanwa, na wale mabaharia wakapanda ndege wakaenda kwao.

Siku ile alituletea wali na samaki wakavu wa kwao, tukala pale ofisini, bosi na mfagiaji sahani moja. Nikamwambia, "Wewe mwanamke una ujanja." Akasema si ujanja, ndiyo kazi aliyoajiriwa, kwenda kubisha hodi milangoni mwa watu kwa ajili ya watu wengine. Mimi nilikuwa sijui kama kuna kazi ya namna hiyo na ina mshahara.

Akahamishwa. Kazi yao ndiyo ilivyo, ukishajua jina la muuza mboga wako unaambiwa funga virago. Alipelekwa nchi ya baridi, ambako alikuwa mdogo kabisa ofisini na siku nzima ni kugonga mihuri. Kutoka huko akapelekwa nchi moja ya jangwani, ambako wasichana wa kwao walioajiriwa majumbani walikuwa wakikimbilia ubalozini na nguo walizovaa tu. Alikuwa akinipigia simu mara moja moja, na sauti yake ya huko haikuwa sauti niliyoizoea. Aliwasikiliza wasichana wale kutwa, anawaandikia maelezo ya kiserikali yaliyonyooka kama rula, na yale yaliyobaki, yasiyoingia katika maelezo ya serikali, akaanza kuyatungia hadithi.

Kitabu cha kwanza kilipotoka, wakubwa wake walinuna. Hakikusema uongo wala hakikutaja mtu, lakini ati mwanadiplomasia kazi yake ni kunyamaza. Mkubwa wake mmoja alimwita akamwambia achague. Akamjibu kwamba yeye hunyamaza mchana kutwa, na hakuna binadamu awezaye kunyamaza saa zote. Basi wakamruka. Wenzake aliowafundisha kazi wakapandishwa, yeye akabaki pale pale, anahamishwa tu huku na huku, na kila alipohamishwa alitoka na kitabu. Mimi nilimkasirikia kwa hilo. Nilimwambia kwenye simu, "Si uache hivyo vitabu upate cheo kwanza?" Akasema, "Dada, nikiacha vitabu, hicho cheo atakipata nani?" Lakini nilikuwa nimekasirika bado.

Vitabu vyake alinitumia vyote. Kiingereza changu ni cha karani, kwa hiyo nilivisoma polepole, na katika kimoja nikakutana na mwanamke wa bandarini, sauti kama king'ora, anayekula embe la mwenzake na kusema lilikuwa limeoza, amemwokoa. Nikampigia simu hapo hapo. "Mbona umeniandika?"

"Umejijuaje?"

"Nani mwingine Mombasa ana sauti hii?"

Akacheka mpaka nikasikia ameweka simu chini. Kile kitabu nimewaonyesha watu wote wa Chaani, hata wasiojua kusoma.

Kisha, alipokuwa amekwisha kukata tamaa na kuanza kuhesabu siku za kustaafu, alikuja mkubwa mwingine kwao aliyekuwa amesoma vile vitabu. Akamwita. Akamwambia mtu anayeweza kumsikiliza kijakazi namna ile anafaa kusikiliza wafalme. Wakampa ubalozi, balozi kamili, mwenye bendera mbele ya gari. Aliponiambia nilipiga vigelegele ofisini mpaka bosi akatoka na goti lake kuuliza nani amezaa. Nilijisikia kama aliyepewa ni mimi. Miaka yote ile nilikuwa namwambia aache, na yule mwanamke hakuacha, na alishinda kwa kile kile walichomkataza. Sijaona ushindi mtamu kama huo, na mimi ni mtu niliyeona Changamwe inachukua kombe la mtaa.

Alipostaafu, alikuja Mombasa. Alisema anakuja kumaliza kitabu cha mwisho, na kikiisha atakwenda kwao kukaa na mpwa wake, ambaye alikuwa amekwisha kumtengea chumba. Akapanga nyumba Timbwani, vyumba viwili juu ya duka la mikate. Watu wa mtaa wakamwita Mama Balozi, wakidhani mumewe ndiye balozi na yuko njiani. Hakuwahi kuwa na mume. "Balozi ni mimi," aliwaambia kila siku kwa upole, mpaka mwenye duka akachoka akaanza kumwita Balozi tu, na mtaa ukafuata. Mimi kila Jumamosi nilivuka feri kwenda kwake. Ananisomea alichoandika, namwambia kama kinachosha. Kitabu hakikuisha. Kila nikiuliza, "bado kidogo."

Sasa nije kwa mwanangu.

Mwanangu ni kijana mtulivu, amemfuata baba yake, si mimi. Anafanya kazi bandarini, upande wa makontena. Akampenda msichana anayefundisha watoto wadogo huko Mishomoroni, binti wa Kigiriama, kwao asili ni Kaloleni kwenye minazi, lakini baba yake amejenga huko huko Mishomoroni zamani. Wakristo kama sisi, tena tangu babu zao. Nilimwona msichana mara moja tu nikampenda. Aliniamkia, akanipokea mkoba, na nilipomwambia chai yake haina sukari ya kutosha akaniambia, "Mama, sukari iko pale, jitilie." Nikasema moyoni, huyu tutaelewana.

Mume wangu ni marehemu, kwa hiyo posa ilikuwa ya shemeji yangu, kaka yake mkubwa, akaja kutoka Ukambani na wazee wenzake wawili. Shemeji ni mtu mwema. Ni mtu mwema sana, ndiyo taabu yake. Ameokoka, ni mzee wa kanisa, na pombe haiingii nyumbani kwake hata ya kusugulia mgongo. Walikwenda Mishomoroni na kreti za soda na mikate mikubwa, wamevaa koti na tai katika jua lile, na kwa akili yao wamebeba heshima yote ya ulimwengu. Nami niliwafungia ile mikate kwa mikono yangu.

Yaliyotokea nilisimuliwa baadaye. Wamekaa tu kwenye mikeka, shemeji akaomba sala ndefu, akasema amina, na neno lake la kwanza baada ya amina likawa mbuzi. Anataka kujua watu wale wanataka mbuzi wangapi wa mahari. Hajauliza mvua, hajauliza wagonjwa. Wazee wa nyumba ile wakatazamana. Mmoja akauliza kwa adabu, "Kadzama iko wapi?"

Kadzama ni mnazi, pombe ya mnazi inayopelekwa na upande wa mwanamume kufungua mdomo wa nyumba ya mwanamke. Bila hiyo hujabisha hodi, na hujafika hata kama umeketi. Mimi niliyezaliwa Chaani ningeulizwa ningeyasema haya, lakini nani aliniuliza? Shemeji akajibu kwamba wao hawanywi pombe na hawawezi kuibeba. Kama angekomea hapo pengine tungepona. Lakini akaona ni nafasi nzuri ya kuwaeleza wale wazee madhara ya ulevi, akawapa na mistari.

Bibi yake msichana, mama yake baba, alikuwa ameketi pembeni hajasema kitu. Akainuka. Akasema, "Kunjeni mikeka." Mikeka ikakunjwa, shemeji bado ameshika Biblia. Katika nyumba ile mkeka ukikunjwa, mazungumzo yamekufa.

Nilipandwa na mori jioni ile, nikampa shemeji vidonge vyake vyote mpaka vya akiba. Lakini hasira haikunisaidia kitu. Mwanangu aliingia chumbani akakataa kula, na mwanangu huyo hajawahi kukataa chakula tangu aachishwe ziwa. Msichana alinipigia simu akilia. Bibi amesema hakuna waliokuja kutoka Chaani, hakuna, na asisikie habari za nyumba hiyo. Tena kuna watu wa Kaloleni, wa kwao wenyewe, wameanza kuulizia kama yupo binti. Baba yake anaogopa kusema neno mbele ya mama yake. Nilimwambia asilie, nitajua la kufanya. Sikujua lolote. Nililala nikijua kwamba mwanangu anakaribia kukosa mke kwa sababu ya kreti za soda.

Jumamosi nikavuka feri. Nilipofika Timbwani niliyamwaga yote, na kwa sauti yangu hii, mwenye duka la mikate bila shaka aliyapata bila gharama. Balozi hakunikatiza. Nilipomaliza akaanza kuniuliza kama polisi. Nani alikaa wapi. Nani alisema, nani hakusema. Nani aliyekunja mkeka.

"Bibi," nikasema.

"Basi mwenye nyumba ni bibi. Wote mlikuwa mnazungumza na watu wasio na ruhusa." Akafikiri. "Hiyo kadzama, waliotoka upande wa mwanamume ni lazima wainywe wote?"

Nilikuwa sijui. Nikampigia msichana, msichana akamuuliza shangazi yake, jibu likarudi. Hapana, si wote. Mshenga ndiye anayeonja mbele ya wenyeji, wajue ni safi na amekuja kwa moyo mweupe. Waliobaki hakuna anayewatazama.

Balozi akaegemea kiti. Nilimwona sura yake inabadilika, inakuwa ile sura ya ofisini kwetu, ya siku za lile goti. "Dada," akasema, "hamkosi imani wala hamkosi heshima. Mnakosa mdomo mmoja tu unaokunywa. Nitumeni mimi."

Nikamwambia shemeji. Kwanza alifikiri natania. Kisha akasema, "Mwanamke, mgeni, na mkatoliki?" Nikamwambia, "Wewe mwanamume, mwenyeji, na mlokole, umeleta nini?" Kisha akasema jambo ambalo nimemheshimu nalo mpaka leo. Alisema yeye amekosea, na kama yule mama anaweza kurekebisha bila yeye kumkosea Mungu wake, atakwenda nyuma yake na atafunga mdomo. Na alifunga.

Basi tukaenda. Shangazi wa msichana alituelekeza kwa mgema, tukauchukua mnazi wa asubuhi ile ile, maana Balozi alisema wa jana usithubutu. Siku hizi kadzama hubebwa kwenye jerikeni, na jerikeni ile nikaipakata mimi, mama wa kanisa, pale nje ya soko la Kongowea, nikimwomba Mungu nisionane na mchungaji. Nilionana na mkewe. Nikamwambia ni mafuta ya taa.

Mishomoroni wakatutandikia mikeka, lakini nyuso zilikuwa zimefungwa. Walikubali tuje kwa ajili ya kumwona huyo mgeni tu. Balozi alikuwa amejifunga leso juu ya gauni. Hakwenda kwa wazee. Alikwenda moja kwa moja kwa bibi, akainama, akamwamkia shikamoo, na nywele zake mwenyewe zilikuwa nyeupe kichwa kizima. Akaketi chini miguuni pake. Akaanza. Hali, watoto, wajukuu, mguu, macho, mvua ya Kaloleni, minazi, maradhi ya minazi, nani anayekwea siku hizi na vijana wote wamekimbilia bodaboda. Bibi alijibu neno moja moja, kisha mawili mawili. Jerikeni ipo pale katikati, Balozi hata haitazami. Wazee ndio walioanza kuitazama. Mimi magoti yaliniuma, jasho linanitoka, mwanangu nje kwenye uzio hajui akae au asimame.

Hatimaye mzee mmoja akashindwa. "Mama, wewe u nani kwa watu hawa? Hamfanani."

"Mimi ni mdomo wao," akasema. "Nyumba iliyonituma ni nyumba ya maombi, haigusi pombe. Ni watu wa msimamo, na mtu wa msimamo ndiye umtakaye aoe kwako. Lakini wameona vibaya kwamba walikuja mkono mtupu. Kwa hiyo wamenituma mimi ninayekunywa. Nimebeba kwa niaba yao, nitaonja kwa niaba yao. Nikinywa mimi, wamekunywa wao, na Mungu wao hawana la kumjibu."

Mzee yule akatafuna lile neno. Akamgeukia mwenziwe, mwenziwe akatikisa kichwa kukubali. Nikamtazama shemeji kwa pembe ya jicho. Alikuwa ameinamisha uso, lakini niliona mabega yake yameshuka, kama mtu aliyetuliwa gunia.

Bibi hakuwa amekubali. "Wewe wajua huo ni nini?" akauliza. "Au wataka kunywa kitu usichokijua, ututapikie mkeka?"

Akaletewa kata na mrija. Balozi akanusa kwanza, akavuta kidogo, akaushika mdomoni, akameza. Akavuta tena, na safari hii hakuvuta kidogo. Kisha akasema kwamba babu yake alikuwa mgema. Kisiwani kwao wanaume hukwea mnazi asubuhi na jioni na kisu kilichopinda kama kotama za hapa, na mnazi wao hutiwa maganda ya mkoko yaliyopondwa, ukawa mwekundu.

"Mwekundu?" bibi akasema. "Hao wanakunywa damu." Na watu wakacheka, na yeye mwenyewe akacheka, mara ya kwanza.

"Marehemu mume wangu naye alikuwa mgema," akasema. "Babu yako alianguka?"

"Alianguka."

"Wangu hakuanguka. Alifia kitandani kwake." Bibi akamshika Balozi mkono. "Pole, mwanangu." Watu wawili wenye mvi, mmoja anamwita mwenziwe mwanangu. Nikajifanya nakohoa.

Nikajua tumefika. Nilijidanganya. Bibi akakaa sawa, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Sasa nisikilize. Mshenga si mtu wa siku moja. Hawa watoto watagombana. Wote walio hai hugombana. Wakigombana hawaendi kwa mama yake huyu mwenye sauti, wala hawaji kwangu. Wanakwenda kwa mshenga. Mimi wa kwangu nilimwendea mpaka alipozikwa. Wewe ni mgeni, kesho wapanda ndege. Nimpe mjukuu wangu kwa mlango ambao kesho hauna mtu?"

Nikaona tumekwisha. Maana nilijua habari za mpwa wake na chumba kilichotengwa, nilijua kitabu kimebakia kidogo, na nilijua kuwa katika maisha yake yote mwanamke huyu hajakaa mahali akauona mwembe aliopanda unazaa. Wazee wote wakamtazama. Angeweza kusema maneno matamu. Aliyasema maneno matamu katika nchi za watu mpaka akastaafu nayo, na hakuna pale ambaye angejua.

Akaweka kata chini.

"Bibi," akasema, "nimehama maisha yangu yote kwa amri ya serikali. Kila mahali nimepatanisha watu, na sijawahi kukaa nikaona kama walipatana kweli. Sasa hakuna wa kuniamuru tena. Kuna mahali nilikuwa natarajia kwenda." Akasita. "Siendi. Nipo Timbwani, juu ya duka la mikate. Wakigombana, waje."

Mimi ninamjua. Nilimtazama nikajua hayo si maneno ya kibalozi.

Bibi akamtazama usoni. Kisha akasema, "Mwiteni."

Msichana akaletwa na shangazi zake, uso umefunikwa kanga, amepiga magoti. Kwa ada ya nyumba ile, mnazi hauguswi na wenyeji mpaka msichana mwenyewe aamue. Bibi akajaza kata, akaiinua, akamuuliza, "Mnazi huu umeletwa kwa ajili yako. Tunywe au tumwage?"

Nikasikia kuku akiparura nyuma ya nyumba.

"Kunyweni," akasema. Hakunong'ona. Alisema kwa sauti ya mwalimu wa watoto wadogo, wakasikia mpaka barabarani, na huko nje kwenye uzio nikasikia mwanangu anacheka peke yake kama mwendawazimu.

Nilipiga vigelegele ambavyo nadhani Chaani walivisikia. Shangazi zake wakavipokea. Wazee wakanywa, bibi akanywa, Balozi akanywa kwa niaba ya ukoo mzima wa mume wangu, walio hai na waliokufa, na alikunywa vizuri. Bibi akaagiza chai ya maziwa kwa shemeji, ije na maandazi, akisema huyo mchungaji asife njaa katika nyumba yake. Mikeka ilikaa chini mpaka jua likatua.

Harusi ilifungwa kanisani kwetu, na waliokuja kutoka Mishomoroni walijaza mabenchi mpaka watu wa kwaya wakasimama. Kitabu kilikwisha na kikatoka. Mpwa wake alipiga simu, akapiga tena, akaambiwa chumba akipangishe. Watu wamempongeza Balozi kwa kile kitabu kuliko vyote alivyowahi kuandika, magazeti ya kwao yamekuja na picha, naye huzikunja akazitia kabatini na kuniuliza habari za wale watoto. Wamo katika nyumba yao, nikamwambia, wanapendana, hawana neno. Alikuwa akiitikia vizuri, lakini naona hapendi jibu hilo.

Juzi nikiwa jikoni simu ikalia. Ni yeye. Alikuwa amechangamka mpaka Kiswahili kinamkimbia.

"Dada, wamekuja."

"Nani?"

"Watoto. Wamegombana. Wamevuka feri hawasemeshani, wamenigombania sebuleni mpaka jirani amekuja kubisha hodi. Dada, maisha yangu yote, hakuna waliowahi kurudi mlangoni kwangu. Hata siku waliponipa ubalozi sikufurahi hivi."

Nikauliza nani mwenye makosa. Najua ni mwanangu, lakini nilitaka kusikia.

Akaniambia hilo si langu kulijua. Mimi ni mama mkwe, nikae Chaani, mshenga yupo kazini. Akakata simu.

Nilikasirika sana. Nikaisonya ile simu, nikaiweka juu ya meza, kisha nikapiga magoti pale pale jikoni, sufuria inaungua, nikamshukuru Mungu.